Macho Kwenye Ndara

Kama umewahi kukaa mbele ya Kabura kanisani, basi mgongo wako unajulikana. Uso wako anaweza kuusahau. Lakini atakumbuka kwamba mshono wa bega lako la kulia ulipanda juu kidogo kuliko wa kushoto, na kwamba zipu yako iliwekwa na mtu aliyekuwa na haraka. Mchungaji akiomba, sisi wengine hufumba macho. Kabura hufumba moja.

Simsengenyi. Haya nimeshamwambia usoni mara nyingi. Mimi Nekesa nauza mitumba ya watoto hapa mtaani Langas, kwenye kibanda kilichopakana na chake, na kwa miaka ishirini na miwili tumetenganishwa na bati moja lenye matundu. Nikikohoa, yeye husema pole. Akifumua mshono, mimi husikia wembe ukipita kwenye uzi, na kwa mlio wa wembe ule najua ameamkaje.

Wembe wenyewe hukaa kwenye mkoba wake, umefungwa kwa karatasi ya pakiti ya majani chai, na huenda naye kila mahali. Matangani, harusini, hospitalini. Jumapili moja Lorraine wa kwaya alikaa mbele yetu na joho jipya ambalo kola yake ilikuwa imeshonwa ikaenda upande. Kabura alivumilia wimbo wa kwanza, akavumilia somo, akavumilia hata mahubiri. Kwenye matangazo uvumilivu ukamwishia. Nilimwona akifungua mkoba, nikamkanyaga mguu, lakini wapi! Lorraine alipoinuka kwenda kuimba, kola ilikuwa inaning'inia kwa uzi mmoja.

"Nilikuwa namsaidia," Kabura aliniambia nje, ambako nilikuwa nimetolewa na mzee wa kanisa kwa kucheka. "Ningemaliza, ni vile matangazo ilikuwa fupi."

Basi huyo ndiye Kabura, au Mama Irungu, kama tunavyomwita kwa jina la mwanawe wa pekee. Ni mjane, ni fundi wa sare za shule, na hana mchezo na mshono. Mkufunzi yeyote atakwambia kwamba unaposhona kwa cherehani, jicho hupenda kufuata sindano. Kabura hataki hata kusikia.

"Sindano iko na kazi gani?" huuliza. "Inapanda, inashuka. Hakuna mahali inaenda. Wewe angalia ukingo ya kitambaa mahali inapita."

Na ili upite mahali pamoja, kando ya sindano yake, umbali wa robo inchi, amebandika kipande cha mpira wa ndara, cha buluu, chembamba, kirefu kuliko kidole kidogo. Ukingo wa kitambaa hupita ukikigusa kile kipande, nao mshono hutoka umenyooka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Macho kwenye ndara, mguu polepole kwenye kanyagio, mikono ielekeze tu bila kuvuta. Nimeyasikia hayo mpaka nimeyaota.

Ndara yenyewe ina habari yake, nami nitaisema haraka kwa sababu sipendi kulia asubuhi. Mwaka ule ambao sisi wa Langas hatuutaji bila sababu, uchaguzi ulipoisha na majirani wakageukiana kwa kabila, Kabura alikimbia na vitu viwili. Kimoja ni kichwa cha cherehani, alichokifunga kwa shuka akakibeba mgongoni. Cha pili ni Irungu, aliyekuwa na miaka kumi, akimvuta kwa mkono. Ndara ya kulia ya mtoto ilibaki njiani. Walifika kwenye mahema ya wakimbizi na ya kushoto peke yake, wakakaa huko miezi minne. Kabura akawa anawashonea watu nguo zilizoraruka, lakini mistari ya kupimia kwenye bati la cherehani ilikuwa imefutika na hema lilikuwa na giza. Akakata kipande cha ile ndara isiyo na mwenzake, akakibandika. Iliyobaki aliitia kwenye droo, na hakuwahi kuitupa.

Basi. Turudi kwenye furaha.

Irungu sasa ana miaka ishirini na saba na hutengeneza pampu za maji. Mwaka jana aliitwa Kiplombe kutengeneza pampu ya Mzee Kiplimo. Pampu ilipona siku ileile. Irungu aliendelea kuikagua kwa miezi minane. Mzee Kiplimo si mjinga, na siku moja akamwuliza kijana kama anachokagua ni pampu au ni Jepchirchir, binti yake. Irungu akasema ukweli, akaambiwa alete wazee.

Lakini kabla ya wazee kwenda Kiplombe, mama yake msichana alitaka kuona kwa macho yake mahali binti anakotaka kwenda. Huyu ni Mwalimu Chepkorir. Alifundisha ushonaji na upishi shule za msingi enzi ambazo masomo hayo bado yalifundishwa, akastaafu akiwa bado amenyooka mgongo. Alifika kwa Kabura Alhamisi saa nne, na nilikuwepo, kwa maana nilikuwa nimeitwa kusaidia chapati. Mwalimu akasalimia, akaketi, akatazama chumba. Halafu, kabla chai haijafika, akashika kitambaa cha kochi, akakigeuza, akatazama upande wa nyuma, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, akakirudisha.

Kabura aliona. Alinivuta jikoni.

"Nekesa. Amegeuza!"

"Amegeuza nini?"

"Kitambaa! Amegeuza akaangalia nyuma, na akanyamaza."

"Kwani wewe si hugeuza vya watu?"

"Mimi ni fundi! Na hiyo si mimi nilishona, ni hiyo uliniuzia!"

Ni kweli kile kitambaa kilitoka kwenye gunia langu, na mshono wake ulikuwa umelewa. Nikamwambia aende akamweleze mgeni hivyo. Akaniuliza nimeona wapi mtu akijitetea kwa kitambaa cha kochi mbele ya mkwe. Mwalimu akala chapati mbili, akashukuru kwa adabu, akaondoka akiamini kwamba mama mkwe wa binti yake ni fundi wa mishono ya namna ile.

Wewe unaweza kuona ni jambo dogo. Kabura hakulala sawasawa wiki nzima. Mali yake duniani ni kibanda na jina, na jina lenyewe liko kwenye mshono. Na kulikuwa na jambo jingine chini yake, ambalo aliniambia mara moja tu kupitia lile bati.

"Hao ni watu wa huko, Nekesa. Na sisi ni sisi. Kijana wangu ataingia kwa hiyo boma. Sitaki waseme ametoka kwa watu wa kuungaunga."

Kwa desturi, siku ya mahari upande wa kijana humpelekea mama wa msichana blanketi. Hilo Wakikuyu kama Kabura wanafanya, Wakalenjin kama Mwalimu wanafanya, na sisi Wabukusu hatujaachwa nyuma. Watu hulinunua dukani, ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu. Kabura akatangaza kwamba lake atalishona: blanketi la vipande, la mabaki ya sare za shule zote alizowahi kushonea, vipande tisa kwa kila mraba, miraba arobaini na miwili, kwa ndani blanketi la sufu. Na akaongeza kwamba upande mmoja hatashona. Ataweka vifungo.

"Vya nini?" nikauliza.

"Ndio akitaka kugeuza, ageuze."

Kosa lilianza kwenye chama. Chama chetu kina wanawake saba, na kilianza kwa kununuliana vyerehani, leo mimi, mwezi ujao wewe, mpaka kila mtu akapata. (Changu kimebeba televisheni.) Wenzetu waliposikia habari ya blanketi, wakaja juu.

"Peke yako, Mama Irungu? Kwani sisi tumekufa?" akasema Warigia, mkubwa wetu, mkulima wa viazi.

Naye alikuwa na haki. Kwetu kazi ya furaha haifanywi na mtu mmoja. Akiifanya peke yake, watu watauliza amekosana na nani. Kwa hiyo kazi ikagawanywa sawa, miraba sita kwa kila mwanamke, vipande vikakatwa na Kabura mwenyewe na kufungwa kwa uzi. Na katika kutoa maagizo, fundi wetu mkuu, mwanamke anayefumua joho la mtu kanisani, akainua kidole gumba akasema:

"Mshono uache nusu ya ukucha. Hapo tu. Usipite."

Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo mafundi wa mji huu huambiana. Nusu ya ukucha wake ni robo inchi kamili, nimepima. Hakukumbuka kwamba kila mtu huja na ukucha wake.

Tulikutana Jumapili baada ya ibada, mahari ikiwa Jumamosi inayofuata, kila mtu na fungu lake la miraba, tukaitandaza kwenye madawati ya darasa la watoto. Kila mraba ulitakiwa kutoka inchi kumi na mbili na nusu. Ya Warigia ilikuwa kumi na moja na nusu. Ya Vivian, anayefanya kazi saluni, ilikuwa kumi na tatu. Yangu, kila mmoja ulikuwa na maoni yake. Kabura akajaribu kuweka mraba wa Warigia kando ya wa Vivian. Ukingo mmoja ukaisha, mwingine ukaendelea na safari.

"Hii ni nusu ya ukucha ya nani?" akauliza, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu.

Warigia akainua kidole gumba. Ni kidole kilichochimba viazi miaka arobaini, na ukucha wake unatosha kufunika sarafu. "Hii. Si ulisema nusu? Nimeacha nusu."

Vivian akainua chake. Alikuwa na kucha za kubandika, za waridi, zimechongoka kwa mbele. Nusu ya ile ncha haifiki popote. "Mimi pia niliacha nusu, haki ya Mungu."

Nilicheka mpaka nikashika dawati. Kabura hakucheka. Aliketi kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, akatazama madawati yote, kisha akatazama kidole chake mwenyewe.

"Ni mimi nilisema ukucha," akasema. Kwa miaka ishirini na miwili, hiyo ndiyo samahani pekee niliyowahi kuisikia ikitoka kwake.

Akaanza kukusanya miraba ili akaifumue yote nyumbani, afanye upya peke yake. Warigia akaweka mkono juu ya fungu lake.

"Ukifumulia yangu kwako, mimi Kiplombe siendi. Nitaenda kufanya nini, na hakuna mkono yangu hapo?"

Na Vivian akasema hivyohivyo, na wengine. Nilimwona Kabura akihesabu kichwani, wanawake sita wenye hasira upande huu, siku sita upande ule. Akaacha miraba palepale.

Jumatatu asubuhi nikamsikia kupitia bati akifungua ile droo ya chini isiyofunguliwa. Nikachungulia kwenye tundu. Alikuwa ameshika ndara ya kushoto ya Irungu, ndogo, imekauka, ina alama ya vidole vya mtoto. Aliishika muda mrefu. Halafu akaweka rula juu yake na kuanza kuikata kwa wembe, kipande baada ya kipande, vyote sawa. Vikatoka vipande sita na kisigino. Kisigino akakizungushia karatasi pamoja na wembe, akakitia mkobani.

Siku hiyo na iliyofuata alizunguka Langas nyumba kwa nyumba na gundi. Alifika kwangu, akaondoa televisheni bila kuniuliza, akapima kutoka kwenye sindano, akabandika. Kisha akanipa vitambaa vitatu vyembamba vya inchi moja na nusu.

"Unga hizi tatu. Halafu pima hiyo ya katikati. Ikitoka inchi moja kamili, uko sawa, endelea. Isipotoka, usiguse kitu ya mtu."

Yangu ilitoka mara ya nne. Wakati wote huo alisimama nyuma yangu akipumua. Nikitazama sindano, ananigonga begani. "Macho kwa ndara!" Nikivuta kitambaa, ananigonga tena. Alinifundisha hata kupiga pasi, kwamba mshono unabonyezwa, hausuguliwi, kwa maana ukisugua unautuma mahali haukuwa unaenda. Warigia aliniambia kwamba yeye aligongwa mara saba na kwamba kama si siku ya Irungu angemrudishia moja.

Lakini Alhamisi, kila mtu akiwa amefumua miraba yake na kuishona upya, tulipotandaza tena, miraba yote ilikuwa kumi na mbili na nusu. Hata yangu. Pembe zilikutana, mistari ikapita moja kwa moja toka buluu ya shule hii hadi kijani ya shule ile. Warigia alipiga kigelegele darasani. Kabura alipitisha kidole gumba nyuma ya kila mmoja, asiseme chochote, na kutosema kwake tukakuchukua kuwa sifa.

Ijumaa mchana akaunganisha mistari ya miraba akiwa kibandani kwake. Ikabaki mshono mmoja, wa katikati, wa kuunganisha nusu mbili, futi saba za moja kwa moja. Huo hakutaka mtu auguse. Nikaketi upande wangu kwenye tundu langu. Alianza vizuri, mguu polepole, macho kwenye ndara. Alikuwa amepita nusu Irungu alipofika mlangoni.

Alikuwa amevaa suti. Mama yake ndiye aliyeishona, lakini alikuwa hajamwona nayo imekamilika, na shati, na viatu. Kijana akasimama hapo mwangani, akauliza, "Niko sawa, mathe?"

Kabura akainua macho. Mguu haukusimama. Cherehani kikaendelea kulia, kitambaa kikaendelea kwenda, na yeye akaendelea kumtazama mwanawe, machozi yakimtoka bila kuyapangusa. Hata mimi nilisahau kuutazama mshono. Aliposema "Uko sawa, baba," ndipo akarudisha macho chini na kumaliza.

Jioni, akiwa ametia blanketi la sufu ndani na kushona vifungo, akaniita nimsaidie kukunja. Na mimi, maana anayekaa na mgonjwa huambukizwa, nikageuza upande wa nyuma. Katikati ya ule mshono mrefu, kwa kama futi moja na nusu, uzi ulikuwa umeondoka njiani, ukaenda matembezi na kurudi. Upande wa mbele mstari wa vipande ulikuwa umepinda kidogo, kidogo tu. Mtu wa kawaida asingeona. Lakini hatukuwa tunapelekea mtu wa kawaida.

Nilinyamaza. Nitaungama yote: kwanza, nilijua nikisema atafumua, na pale alipokuwa amefika angefumua mpaka blanketi lote. Pili, alikuwa na furaha, na mimi sikuona kwa nini niwe wa kuiondoa. Tatu, na hili Mungu analijua tayari, baada ya kugongwa begani wiki nzima, kulikuwa na utamu fulani kujua kwamba mshono uliopinda ni wake. Nikakunja, nikafunga vifungo.

Utamu uliisha Jumamosi tulipoingia bomani Kiplombe. Wazee walikuwa wamekaa, wao upande huu na sisi upande ule. Mzee Wanyoike, shemeji yake Kabura na msemaji wetu, aliletewa mursik. Hajawahi kunywa maziwa yaliyolazwa na majivu maishani mwake, akanywa kikombe kizima huku uso wake ukipigana na mdomo. Watu wakacheka, mambo yakaenda vizuri. Ng'ombe wakazungumziwa. Irungu na Jepchirchir wakakaa wakitazama viatu vyao.

Kisha blanketi likaletwa. Tuliimba, tukamvika Mwalimu Chepkorir mabegani, akapigiwa vigelegele. Akashukuru. Akaketi. Nikaomba awe amebadilika tangu ile Alhamisi ya chapati.

Akafungua kifungo cha kwanza.

Alifungua vyote, polepole, kimoja baada ya kingine. Akageuza. Kidole gumba kikaanza safari, mraba kwa mraba, na nilimwona akitikisa kichwa kwa kukubali, mara moja, mara mbili. Kabura kando yangu alikuwa ameketi wima, shingo imerefuka, akingojea haki yake. Kidole kikafika kwenye mshono mrefu wa katikati. Kikashuka. Kikasimama.

Mwalimu akasogeza kitambaa karibu na macho. Halafu akavuta mkoba wake, akafungua, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi, akakifungua. Ulikuwa wembe.

Sijui kama unaelewa maana yake. Katika mji huu, mbele ya familia hizi mbili, kitu chenye makali kimetolewa. Mzee Wanyoike akaweka kikombe chini. Irungu akanyanyuka nusu. Mzee Kiplimo akasema kitu kwa Kikalenjin, kwa haraka, akimwelekea mkewe. Mimi nilitazama mlango uko wapi, na naona haya kusema hivyo, lakini nilitazama.

Kabura alikuwa ameona kilichokuwa chini ya kile kidole. Aliona kutoka mbali, kama anavyoona migongo ya watu. Uso wake ukashuka. Akafungua mkoba wake naye, akatoa karatasi yake ya majani chai, akaifungua. Akavuka chumba, mbele ya wazee wote, na wembe wake mkononi, akapiga magoti kando ya Mwalimu.

"Ni yangu," akasema. "Hii mingine yote ni ya hawa wamama. Hiyo imepinda ni yangu mimi."

"Nimejua," akasema Mwalimu. "Hapa ulikuwa unaangalia nini?"

Kabura akamwonyesha Irungu kwa kidevu. "Nilikuwa naangalia kijana."

Mwalimu akatazama Irungu, akatazama tena mshono. "Mimi nimemshonea huyu msichana nguo ya leo," akasema. "Mkono mmoja nimefumua mara tatu. Kila gari ikipita, naangalia dirisha." Akasogea kumpa nafasi. "Haya. Wewe anzia juu, mimi nianzie chini."

Na ndivyo walivyofanya, wazee wakiwa bado wameduwaa, vichwa vyao vikikaribiana kadiri uzi ulivyokwisha. Mzee Wanyoike akaomba mursik nyingine bila kulazimishwa. Nikaanza kupumua.

Cherehani cha Mwalimu kiko chumba cha nyuma, karibu na dirisha hilo la magari. Nilikwenda nao kushika blanketi lisiburute. Kabura akaketi, akapapasa kando ya sindano kwa mazoea, na vidole vyake havikukuta kitu. Kulikuwa na alama tu za plasta ya kidonda iliyobandikwa zamani ikabanduka.

"Huwa inatoka," Mwalimu akasema. "Nabandika, inatoka."

Kabura akafungua karatasi yake. Akatoa kisigino cha ndara, akapima kwa tepu kutoka kwenye sindano, akakikandamiza kwa kidole gumba cha kushoto, akashona futi moja na nusu bila kuinua macho. Ulitoka umenyooka. Waligeuza wote wawili, kila mmoja akapitisha kidole chake, wakatazamana, na hapo ndipo Kabura alipocheka kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kitambaa cha kochi. Nikaona ni wakati mzuri wa kusema kwamba kile kitambaa kilikuwa changu. Hawakunisikiliza.

"Hii mpira umetoa wapi?" Mwalimu akauliza. "Ni nzuri."

"Ni ndara ya Irungu," Kabura akasema. "Akiwa mtoto. Hii ni ya mguu ya kushoto."

"Na ya kulia?"

Kabura alianza kukunja blanketi kwa mkono wa kulia, kisha akaacha. Angeweza kusema ilipotea. Mimi ningesema hivyo.

"Ya kulia ilibaki kwa barabara," akasema. "Hiyo siku tulikuwa tunatoroka."

Mwalimu Chepkorir hakuuliza ni siku gani. Alisimama pale akikitazama kile kipande cha buluu chini ya kidole cha Kabura, ambaye bado alikuwa amekikandamiza.

"Usitoe kidole," akasema. "Itahama."

Akaenda kutafuta gundi.